Mmoja Anafagia, Mmoja Anatazama

Barabara kubwa ya mjini, kuanzia kwenye mzunguko hadi stendi ya mabasi, ilifagiwa na mtu na wifi yake. Aliyeshika ufagio watu walimwita Bibi Harusi, kwa kuwa hakutoka nyumbani bila wanja machoni na kitambaa kilichofungwa vizuri kichwani, hata kama safari yenyewe ilikuwa ya kuzoa mchanga na maganda ya ndizi. "Barabara inanijua," alikuwa akisema. "Siiendei hovyo." Aliyetembea nyuma yake akisukuma toroli aliitwa Kengele, na huyo alikuwa dada wa mume wake.

Jina la Kengele lilitokana na kazi. Mtu akifagia barabara anainama, uso uko chini, na vumbi likizidi anajifunga kitambaa puani mpaka masikioni. Akishajifunga hivyo, lori linalokuja nyuma yake analisikia kama mtu anayekoroma chumba cha pili. Siku za nyuma kulikuwa na mzee mmoja mfagiaji, mpole, mwenye kofia ya sufi jua na mvua, ambaye basi lilimvunja nyonga mchana kweupe huku akiwa ameinama hivyo hivyo. Baada ya hapo wafagiaji wenyewe, bila kufundishwa na mtu wa ofisini, wakajiwekea utaratibu. Mmoja anafagia. Mwenzake anakaa nyuma na toroli, uso ameuelekeza magari yanakotoka, mkononi ana beleshi. Gari likija kistaarabu anagonga toroli mara moja, na mfagiaji anasogea kidogo bila hata kuinua kichwa. Gari likija vibaya, dereva yuko kwenye simu au anashindana na mwenzake, anagonga mfululizo, na mfagiaji anaruka juu ya ukingo, ufagio na yote. Takataka zikishakusanywa, yule wa nyuma anazizoa haraka, kisha anarudi kutazama.

Kwa kawaida wafagiaji walibadilishana zamu. Hawa wawili hawakubadilishana sana. Bibi Harusi mkono wake ulikuwa mwepesi, na Kengele alikuwa na macho. Alilijua basi bovu kwa jinsi linavyoyumba likiwa bado mbali, na dereva mwenye usingizi alimtambua kabla dereva mwenyewe hajajitambua.

"Wifi, wewe ungekuwa polisi," Bibi Harusi alimwambia siku moja, wamekaa kwenye ukingo wakinywa chai.

"Ningekuwa polisi ningemkamata kaka yangu."

"Kwa kosa gani?"

"Kukuoa bila kuuliza kama unajua kupika."

"Na mbona kila usiku unarudisha sahani tupu?"

"Namsaidia kaka. Nikiiacha itamuua."

Bibi Harusi alicheka mpaka chai ikampalia. Walikuwa wanakaa ua mmoja. Kengele, tangu mume wake afariki, alihamia chumba cha nyuma kwa kaka yake, na chakula walikula pamoja. Mawifi wengine huwekeana vinyongo kwa sababu ya chumvi. Hawa walitaniana tangu kwenye sahani mpaka barabarani.

Pembeni mwa barabara, karibu na stendi, kulikuwa na muuza mboga aliyewawekea fagio zao chini ya meza yake. Nao walianza kufagia mbele ya meza yake kabla ya kwingine kokote. Hakuna aliyewahi kulizungumza jambo hilo. Lilikuwa hivyo tu, kama ilivyo kwa majirani.

Kisha ukaja wakati wa uchaguzi. Aliyekuwa anagombea kuuongoza mji alitangaza mkutano kwenye uwanja wa mpira, na manispaa ikawapeleka wafagiaji kuusafisha uwanja kabla na baada. Ndiyo maana Kengele na wifi yake walikuwa wamesimama pale getini, vizibao vyao vya rangi ya machungwa vikiwaka kwa jua, wakingoja hotuba iishe ili waingie kazini.

Yule mtu alijua kusema. Alikuwa na sauti ya kaka mkubwa aliyerudi nyumbani kutoka mbali, na watu walimwita Mheshimiwa kabla hata hajapata cheo.

"Nauliza swali dogo tu," alisema. "Nani hapa ameamka kabla ya jua leo?"

Mikono ikaenda juu.

"Nani ametoa ushuru wiki hii?"

Mikono ikabaki juu, na minong'ono ikaanza, maana ushuru wa meza ulikuwa umepanda na kila mtu alikuwa na donda lake.

"Ushuru wenu unakwenda wapi? Msiniulize mimi. Niulizeni nilichokiona. Nimepita kwenye barabara yenu kubwa asubuhi. Nikakuta watu wawili. Wawili! Ufagio mmoja." Akanyamaza. Alijua kungoja. "Mmoja anafagia." Akainama, akafagia hewa. "Mmoja anatazama." Akaegemea nguzo ya kipaza sauti, akapiga miayo mirefu kama paka aliyeshiba.

Uwanja ukapasuka kwa kicheko.

"Na mnawalipa wote wawili! Mama muuza mboga, wewe una mtu wa kukutazama ukifunga mafungu?"

"Hakunaaa!"

"Kinyozi, una mtu wa kukutazama ukinyoa?"

"Hakunaaa!"

"Basi hao si wafanyakazi, ndugu zangu. Hao ni kupe. Kupe hana ugomvi na ng'ombe. Anakaa tu."

Kijana mmoja aliyekuwa getini akageuka, akaona vizibao. "Hawa hapa!" akapiga kelele kwa furaha. "Yule mwenye beleshi ndiye mtazamaji!" Vichwa vikageuka. Hawakuwa na ubaya. Walikuwa wanacheka kama watu waliopewa kitu cha bure. Kengele naye akatabasamu, kama mtu aliyemwagiwa kinywaji kwenye sherehe ya watu, hataki kuiharibu. Bibi Harusi hakutabasamu. Alikuwa anatafuta mtu kati ya ule umati, na Kengele alipofuata macho yake akamwona: kaka yake, kinyozi, amesimama na wateja wake wawili, anajifuta machozi ya kicheko kwa nyuma ya mkono.

Jioni ile walikula bila utani. Kinyozi ndiye aliyeanza, kwa sababu kimya cha wanawake wawili kilikuwa kinamwasha.

"Hakuwasema nyinyi," alisema. "Alikuwa anawasema wale wavivu."

"Wavivu gani?" mkewe akauliza.

"Wapo tu."

"Nitajie mmoja."

"Mke wangu, ni siasa ile. Mtu lazima atie chumvi kidogo. Lakini mengine yote aliyosema ni kweli. Ushuru je? Si kweli? Pale kwangu umeme ukikatika mara moja, siku imekufa. Nani mwingine anayetusemea sisi?"

"Sisi nani?"

Kinyozi akamega chakula, akakitazama, akakirudisha kwenye sahani.

"Ulicheka," mkewe akasema.

"Watu wote walicheka."

"Mimi sikuwatazama watu wote."

Kengele aliinuka akaenda kuosha vyombo ambavyo havikuwa vimechafuka. Aliona kwamba neno lake moja lingeigawa ile nyumba, na yeye alikuwa mgeni aliyezoeleka tu.

Maneno yale hayakubaki uwanjani. Yalipanda mabasi. Makondakta waliyakata vipande wakayarushiana kutoka mlango hadi mlango: huyu anasema "Mmoja anafagia!", yule wa basi la pili anamalizia. Watoto wa shule waliyafanya mchezo, mmoja ameinama, mwenzake amelegea ukutani na mikono kiunoni. Mwanamume mmoja aliyevaa vizuri alipunguza mwendo wa gari, akashusha kioo, akaangusha ganda la chungwa mbele ya ufagio. "Nimekuongezea kazi," alimwambia Bibi Harusi kwa upole kabisa, "ili mwenzako apate cha kutazama."

"Asante baba," Bibi Harusi alimjibu. "Na wewe ukifika nyumbani umtupie mkeo, aone ulivyolelewa."

Lakini ufagio wake siku ile ulikuwa unakwaruza lami kana kwamba anataka kuitoboa.

Kilichowauma zaidi ni muuza mboga. Asubuhi moja walikuta fagio zao zimelazwa nje, kwenye umande, karibu na mtaro.

"Meza yangu imejaa," alisema bila kuwatazama.

"Jana haikuwa imejaa," Kengele akasema.

"Leo imejaa." Halafu akashindwa kujizuia. "Mimi nikichelewesha ushuru watu wa manispaa wananimwagia mboga mtaroni, mbele ya watoto wangu. Hakuna anayenibembeleza. Na nyinyi mnasimama mnapunga upepo kwa hela yangu."

"Dada, miaka yote hii umetuona tukipunga upepo?"

"Nilikuwa siangalii."

Kengele alitaka kumweleza. Alikuwa na maneno yote: yule mzee, nyonga yake, kugonga mara moja na kugonga mfululizo. Lakini muuza mboga alikuwa ameshageukia mafungu yake, anayapanga upya. Kengele akaona kwamba yule mama hana hasira na yeye. Amekosa tu wa kumkasirikia aliye karibu.

Nyapara wao alifika na pikipiki yake. Alikuwa mtu asiyependa makuu, na alichokichukia kuliko vyote ni kuulizwa jambo na wakubwa.

"Mimi sijaona kitu na sijasema kitu," alianza. "Lakini ofisini wanauliza. Mkionekana wote wawili mnafagia, kuna ubaya gani?"

"Na magari?" Kengele akauliza.

"Magari yana madereva."

"Na basi lililomvunja yule mzee lilikuwa na dereva."

"Kengele, usinitilie maneno mdomoni. Sijasema uache kutazama. Nasema utazame huku unafagia."

"Macho yangu yako hapa mbele, nyapara. Huku mgongoni Mungu hakuniwekea."

"Basi Mungu umwulize Yeye, mimi nina barabara nyingine za kukagua." Akawasha pikipiki. Kabla ya kuondoka alimgeukia Bibi Harusi, kwa sauti ya chini, kana kwamba anamsaidia: "Mwambie wifi yako. Wakiamua kupunguza watu, wataanza na asiye na ufagio."

Kengele hakushika ufagio. Alisimama vile vile nyuma ya toroli siku iliyofuata na siku nyingine baada ya hiyo, uso kwa magari, huku kila basi likipita na kicheko chake. Kazi ya kutazama ni kazi ya kujisahau. Ukianza kufikiria unavyoonekana, umeacha kuona. Sasa ikawa inambidi ajilazimishe. Mtu akicheka upande wa kushoto, jicho linataka kwenda kushoto, na gari liko kulia.

Basi mtu mmoja akampiga picha. Hakujua ni nani wala lini. Lakini picha ikaenda kwenye simu za watu: Kengele amesimama, beleshi begani, mdomo uko wazi kidogo, na chini yake pameandikwa KUPE WENU HUYO. Ilipigwa nukta ile ile alipokuwa amesimama wima kuangalia lori la kokoto. Lori lenyewe halikuingia pichani.

Jioni kaka yake alirudi mapema. Hakuvua viatu.

"Leo mteja amekaa kwenye kiti, nusu ya kichwa nimeshamnyoa," alisema. "Akanipa simu. Akaniuliza, 'Kinyozi, huyu si dada yako?' Watu wamejaa mle ndani. Wote wakanigeukia."

"Ukasema nini?" Kengele akauliza.

"Nikasema mnafanana tu."

Mkewe, aliyekuwa amechuchumaa jikoni, akaacha kupuliza moto.

"Umenifanya nikukane, dada!" Sauti ilimpanda, lakini macho yalikuwa ya mtoto aliyeanguka. "Mtoto wa mama yangu! Ungeshika ufagio, hata wa kuzuga, kungekuwa na picha gani? Nani angecheka? Mpaka lini tutakuwa kichekesho cha mji mzima kwa sababu wewe hutaki kuinama?"

Kengele alitafuta la kumwambia, akakuta hasira haimtoki. Ilikuwa imemwishia barabarani. "Pole, kaka," alisema, na aliposikia neno lenyewe linatoka alishangaa kwamba ni yeye anayetoa pole.

Asubuhi Bibi Harusi alitoka na fagio mbili. Wa pili ulikuwa ule wa uani kwao, amefunga mpini wake kwa mpira ili usichubue mkono.

"Shika, wifi."

"Na nani atatazama?"

"Utakuwa unageuka-geuka."

"Kugeuka-geuka siyo kutazama. Unajua."

"Najua." Alikuwa amepaka wanja kama kawaida, lakini chini ya macho palikuwa pamevimba. "Kaka yako jana amelala amenipa mgongo. Siyo kwa ubaya. Anaona aibu kukukana na anaona aibu kukukubali, na zote mbili ananiletea mimi. Mpaka uchaguzi upite tu, wifi. Wakishapigiana kura zao watatusahau, nawe utarudi kwenye toroli lako."

"Sipendi."

"Hata mimi sipendi. Nani amekuambia tunafanya tunachopenda? Shika."

Kengele akashika.

Ajabu ya siku ile ni kwamba ilianza kwa raha. Waliliegesha toroli kwenye ukingo, wakafagia sambamba, Kengele kando ya mtaro, wifi yake hatua chache mbele, upande wa magari, kuelekea stendi. Kondakta wa basi la kwanza alichungulia, akakosa la kusema, akaishia "Eeh! Leo kazi kweli!" na abiria wawili wakapiga makofi. Muuza mboga aliwaona kwa mbali akatikisa kichwa kidogo, kama anayesalimia. Kengele alihisi mabega yake yanashuka. Hakuwa amejua jinsi yalivyokuwa juu siku zote hizo. Alifagia, akageuka, akafagia, akageuka. Vumbi lilipozidi akajifunga kitambaa puani mpaka masikioni, kama mfagiaji mwingine yeyote.

"Unaona?" Bibi Harusi akamwambia bila kuinua kichwa. "Hata ufagio unaujua. Ulikuwa unatuficha."

"Namaliza kazi yako kabla yako, uende ukajifunze kupika."

Hayo yalikuwa maneno ya mwisho kati yao, na Kengele baadaye alishukuru kwamba yalikuwa ya utani, na papo hapo akachukia kushukuru.

Kwenye mdomo wa mtaro karatasi zilizolowa zilikuwa zimejisokota zikaziba. Kengele akainama kuzichokoa. Karatasi zilishikana, akazivuta, zikakataa, akaweka ufagio chini akatumia mikono. Ni muda wa mtu kufunga kamba za viatu. Nyuma yake alisikia kitu kama mtu anayekoroma chumba cha pili, na ilimchukua muda kukumbuka ni nini, kwa maana hajawahi kukisikia akiwa upande ule.

Ilikuwa pikapu iliyobeba viti. Dereva wake hakuwa mlevi wala hakuwa kwenye simu. Alikuwa amekwepa baiskeli. Alishuka, akapiga magoti kwenye lami kando ya Bibi Harusi, akawa anarudia neno moja kwa kila aliyefika, kwa polisi, kwa muuza mboga aliyekuja mbio na shuka lake la kutandikia mboga: "Sikuwaona. Walikuwa wameinama wote. Wote wawili walikuwa wameinama."

Msiba uliwekwa pale uani. Siku ya mazishi Mheshimiwa alituma maturubai na viti, na kabla mwili haujatolewa akafika mwenyewe, na watu wake, amevaa nguo nyeusi zilizomkaa vizuri. Kinyozi ndiye aliyemwongoza mpaka kiti cha mbele. Alimfutia kiti kwa kiganja. Kengele, aliyekuwa ameketi na wanawake kwenye mkeka, aliliona hilo. Huyu ni mtu aliyefiwa, alijiambia, hata anachokifanya hakijui.

Mheshimiwa akapewa nafasi ya kusema. Akasema vizuri. Akamwita marehemu mama wa mji, mikono iliyoosha uso wetu, shujaa asiye na medali. Wengine wakaanza kulia, maana yalikuwa maneno ya kweli, na ukweli ukisemwa na mtu yeyote unaliza. Kisha akapandisha sauti, kwa kuwa hakuweza kukaa muda mrefu bila kuipandisha.

"Lakini nauliza! Mama huyu aliachwa peke yake barabarani? Hapakuwa na mwenzake? Katika mji mzima huu, amekosekana hata mtu mmoja wa kumtazamia mgongo wake?"

Nyapara, karibu na lango, akaangalia viatu vyake.

Kengele alisimama. Hakupanga kusimama, magoti yalinyooka yenyewe. "Alikuwa naye," alisema.

Mheshimiwa akamgeukia kwa huruma. "Wewe ni nani wake, mama?"

"Wifi yake. Mimi ndiye niliyekuwa namtazama."

"Na siku hiyo ulikuwa wapi?"

"Siku hiyo nilikuwa nafagia, Mheshimiwa."

Muuza mboga alijifunika uso kwa kitambaa. Makondakta waliokuwa wamesimama nyuma waliangalia chini, mmoja wao akatoka nje kabisa. Wote walijua. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kengele alikuwa anamtazama mtu mmoja tu, na alimtazama kama alivyozoea kulitazama lori, kuanzia mbali, akingoja aone litakapoyumba.

Halikuyumba. Mheshimiwa aliinamisha kichwa, akaja mpaka mkekani, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Mikono ilikuwa na joto. "Pole sana, mama," alisema. "Kazi ni kazi. Endelea na moyo huo huo." Kisha akamwuliza mtu wake jambo kwa sauti ya chini, akaangalia saa, na baada ya dua ya kwanza akaomba radhi, kwa kuwa alikuwa na mkutano mwingine upande wa pili wa mji. Waliokwenda kumsikiliza huko walisema siku hiyo hakugusa habari za wafagiaji. Alikuwa na kichekesho kipya, cha walinzi wa shule wanaolipwa kulala.

Watu walipokwisha kuondoka, kinyozi alikuwa anakunja viti na kuvipanga ukutani. Aliifanya kazi hiyo taratibu mno, kama mtu anayeogopa kuimaliza.

"Hakukumbuka," alisema.

Kengele alikuwa anafagia ua. Akasogeza kiti, akafagia chini yake.

"Nilimwangalia usoni, dada. Ulipomjibu nilisema moyoni, sasa hivi ataanguka. Hata hakukumbuka kama aliwahi kusema."

"Kwake ilikuwa hotuba ya siku moja."

Kinyozi akakaa juu ya kiti ambacho alikuwa anataka kukikunja. Alilia kwa sauti mbaya, ya mtu asiye na mazoezi. Kengele aliweka ufagio akaenda kumshika kichwa, kwa maana alikuwa mdogo wake, na alipokuwa mtoto yeye ndiye aliyembeba mgongoni.

"Acha hiyo kazi," alisema alipopata pumzi. "Nitakutafutia kitu pale kwangu. Ufue mataulo."

"Jumatatu wanamleta mwingine. Binti mdogo, bado ananyonyesha mtoto. Nikiacha, nani atamtazama?"

"Na ofisini watakubali?"

"Watakataa. Nitasimama wakiwa wanakataa."

"Watakucheka."

"Watacheka." Akamwachia kichwa. "Wewe asubuhi unapita pale ukienda kufungua?"

"Kila siku napita."

"Basi nina ombi moja tu, kaka. Sitaki mataulo. Ukipita, ukakuta wananicheka, simama useme huyu ni dada yangu. Usigombane na mtu. Sema hivyo tu, uende zako."

Kinyozi alitikisa kichwa kukubali. Alitikisa mara nyingi, na alikuwa anamaanisha, kama mtu anavyomaanisha siku ya kuzika.

Jumatatu Kengele alisimama nyuma ya toroli na beleshi lake. Yule binti alikuwa mbele, ufagio bado unampiga chenga, anaufagia uchafu kuelekea miguuni mwake mwenyewe. Jua lilikuwa limeshatoka. Mabasi mengi yalipita kimya. Makondakta waliokuwapo msibani walijifanya wanahesabu abiria. Lakini mji ni mkubwa, na si wote walikuwa msibani. Lilipita basi la njia nyingine, mtu akatoa kichwa dirishani akalitoa neno lile zima, la kwanza na la pili, na kwenye kituo watu wakacheka kicheko kifupi, cha mazoea.

"Shangazi," binti akasema, uso umemwiva. "Shika basi na wewe ufagio. Wanatucheka."

"Wewe fagia."

Kazi yake ilikuwa kuona, kwa hiyo alimwona kaka yake kabla mtu mwingine yeyote hajamwona. Alikuwa anatokea upande wa mzunguko, funguo za duka mkononi, anatembea haraka, na kwenye kituo ilibidi awapite wale wale waliokuwa wanacheka. Akapunguza mwendo. Kengele alimwona akiinua uso, akiona kizibao, akiona beleshi, akifungua mdomo. Mmoja wa wale watu, pengine mteja wake, alimwita kwa furaha na kumnyooshea kidole upande wa barabara, amwonyeshe kichekesho.

Kinyozi akampa mkono yule mtu. Akasema jambo, fupi, na yule mtu akacheka tena. Kisha akavuka kwenda ng'ambo, akafuata njia yake kando ya ukuta, kichwa chini, kama anayetafuta kitu alichokidondosha.

Kengele alitaka kumsindikiza kwa macho mpaka apotee. Alitaka sana. Lakini lori la kokoto lilikuwa limeshaingia barabarani, na dereva wake alikuwa na simu sikioni.